Kupima Kazi ya Frigo

Ninyi mnaowauzia wachimbaji wa Rubaya na Bisie nyama, samaki na vinywaji, mwajua kwamba mazutu hufika kwa shida na bei yake hula faida. Frigo mbili zenye baridi sawasawa zaweza kutofautiana sana katika kula umeme. Kuigusa kwa mkono hakutoshi, shurti kupima.

Tafuteni kipimajoto, na mita ndogo ya umeme ichomekwayo kati ya frigo na waya. Mita huandika kWh. Hapa tutaziita yuniti. Frigo ikiisha kupoa, iacheni tupu, imefungwa, kwa muda wa saa 12, umeme usikatike. Tuseme mita imehesabu yuniti 0.50. Huo ni umeme wa kulinda baridi tu, haukupoza kitu.

Kesho yake, saa zile zile, tieni lita 20 za maji katika vidumu, mkiisha kuyapima joto. Mlango usifunguliwe, hata mwenye kiu angoje. Muda ukitimia, tikiseni vidumu, mpime tena.

Tuseme maji yameshuka toka digrii 24 hata 9, na mita imehesabu 0.70. Zidisheni 20 kwa 15, mpate 300. Gawanyeni kwa 860, maana yuniti moja ya joto huongeza lita 860 za maji digrii moja. Mtapata 0.35 hivi. Umeme uliozidi ni 0.20 tu. Msistaajabu: mashini huchukua joto la ndani na kulitupa nje, kwa nyuma yake. Kulitupa katika hewa ya baridi ya milima ya Masisi ni rahisi kuliko katika joto la msitu wa Walikale. Kwa hiyo ilinganisheni frigo na hesabu yake yenyewe ya zamani, si na ya rafiki aliye mbali.

Hesabu ya frigo tupu ikipanda, fungeni mlango juu ya karatasi. Ikivutika kwa urahisi, mpira umechoka. Kazi ya maji ikipungua, futeni vumbi nyuma, mkaisogeze mbali na ukuta.

Kisha pimeni jenereta. Jazeni tanki mpaka alama, washeni saa nne, jazeni tena kwa kopo la kupimia, mgawanye yuniti kwa lita mlizoongeza. Lita moja ya mazutu ina nguvu ya yuniti 10 hivi. Mkipata chini ya moja, jenereta ni kubwa mno kwa frigo ile. Yafaa majirani watatu waunganishe frigo zao hapo.