Gari Lililokwama Mirihi

Nani katika sisi tuliohamia nchi hizi za jangwa hajapata kukwama mchangani? Mnashuka, mnapunguza upepo katika mipira, mnachimba kwa mikono, mnatia mazulia chini ya magurudumu, na mzee mmoja hakosi kupiga kelele, "Usikanyage mafuta!" Basi natufikirie gari lililokwama mahali pasipo mtu wa kushuka.

Gari hilo liliitwa Spirit. Wamarekani walilipeleka sayari ya Mirihi, likatua Januari 2004 katika bonde la mviringo liitwalo Gusev. Pacha wake, Opportunity, lilitua wiki tatu baadaye upande wa pili wa sayari. Lilikuwa roboti la kilo kama 180, lina kamera, mkono wa kuchunguzia mawe, mabamba ya kupatia umeme wa jua, na magurudumu sita, kila moja na mota yake. Vyuma vinavyoyashika hucheza kama mizani, hata gurudumu moja likipanda jiwe mengine hubaki yakikanyaga chini. Springi hamna.

Madereva walikaa Pasadena, California. Mawimbi ya redio huchukua baina ya dakika 3 na 22 kufika Mirihi, kwa hiyo hakuna kushika usukani na kukata kulia. Walitazama picha, wakapanga mwendo wa siku, wakapeleka amri, kisha wakangoja. Mawe gari liliweza kuyapima kwa kamera na kuyaepa lenyewe. Ulaini wa mchanga ulio chini ya ukoko, kamera haiuoni.

Lilikusudiwa kufanya kazi siku 90 tu. Mwaka 2006 gurudumu la mbele la kulia likafa. Madereva wakaliendesha kinyumenyume, likiburura gurudumu bovu kama mtu aliyevunjika mguu. Na hapa ndipo penye ajabu: mwaka 2007 mfereji uliochimbwa na gurudumu hilo ulifunua udongo mweupe, karibu wote silika, ambao wataalamu wanasema hutokana na maji ya moto au mvuke. Gurudumu zima lingepita juu yake tu, na habari ile ya maji isingejulikana pale.

Mwaka 2009 ukoko ukavunjika, gari likazama. Kule Pasadena walijaza mchanga katika sanduku kubwa, wakakwamisha gari la mfano makusudi, wakajaribu kila hila kwa miezi. Walipoanza kulikwamua lenyewe, gurudumu la pili nalo likafa. Kipupwe kilikuwa kinakuja, na gari halikuweza tena kujiinamisha kuelekea jua. Sauti yake ya mwisho ilipokewa 22 Machi 2010; waliendelea kuliita zaidi ya mwaka mzima, hadi Mei 2011. Mwenzake alitembea kilomita 45, mpaka tufani ya vumbi ya Juni 2018 ilipomnyamazisha.

Februari mwaka huohuo wataalamu kutoka Austria walikuja Dhofar, Oman, kufanya mazoezi ya safari ya Mirihi, maana jangwa lile lafanana na kule. Mabedui wa Dhofar, nadhani, wangewafundisha mengi kuhusu ukoko wa mchanga kwa kikombe cha kahawa.