Ufahamu: Swali lipime kusoma, si kumbukumbu ya ziara

MWALIMU wa Kiingereza anayefunza karibu na Kariandusi, kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru, hahitaji kwenda mbali kutafuta kifungu cha ufahamu. Hapo ndipo Louis Leakey na wenzake walipogundua, mwishoni mwa miaka ya 1920, mashoka ya mawe ya binadamu wa kale, mengine yakiwa ya jiwe jeusi la volkano ling'aalo kama kioo. Kifungu huandikika bila taabu. Taabu huanza kwenye maswali.

Tuseme mwalimu auliza ni nani aliyegundua mashoka hayo, kisha atoe majina manne. Mtoto aliyewahi kuzuru makavazi ya hapo atachagua Leakey kabla ya kusoma mstari hata mmoja. Mwenzake aliyehamia majuzi kutoka Lamu hana budi kusoma. Wote wawili wakipata alama, yule wa kwanza, ambaye huenda Kiingereza kinamtatiza, huachwa bila msaada.

Kuna kosa jingine lisiloonekana upesi. Kifungu kikisema mashoka yalikuwa 'made of obsidian', na swali likauliza yalikuwa 'made of' nini, mtoto hunakili neno la mwisho bila kujua iwapo ni jiwe, mti au mfupa. Afadhali kifungu kieleze kwamba jiwe hilo likipasuka huacha makali, kisha swali liulize kwa nini wachongaji walilipenda. Jibu, kwa maneno mengine kabisa, liwe kwamba lilifaa kukatia nyama. Majibu potovu nayo yatoke katika kifungu chenyewe: aliyesoma kwa pupa atachagua 'jeupe na jepesi', sifa za udongo wa diatomiti uliochimbwa karibu na hapo.

Jibu sahihi lisiwe refu kuliko mengine. Watoto wa Gredi ya 6, ambao tangu 2022 hufanya tathmini ya KPSEA yenye majibu ya kuchagua, hunusa hila hiyo mara moja.

Kabla ya mtihani, mwalimu awape wanafunzi wa darasa jingine maswali bila kifungu. Kwa kubahatisha tu, mmoja kati ya wanne atapata jibu. Swali likijibiwa vyema na wengi zaidi ya hapo, liondolewe.