Nchi ikiomba kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, inakaguliwaje?

Sisi wa Kagera siasa za jirani hatuzisikii redioni tu. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakafika hadi Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwaka 1994 wenzetu wa Ngara waliwapokea mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Kwa hiyo msikilizaji wa Kimwani akituuliza nani anahakikisha kwamba nchi inayoingia kwenye Jumuiya inatawaliwa vizuri, tunalichukulia swali hilo kwa uzito.

Masharti yako kwenye Ibara ya 3 ya Mkataba wa Jumuiya, uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Nchi inayoomba inapaswa kuwa jirani, kuwa na uchumi wa soko na kuukubali Mkataba wote. Inapaswa pia kufuata demokrasia, utawala wa sheria, haki za binadamu na haki za kijamii. Hapo ndipo penye ugumu. Ujirani unaonekana kwenye ramani, lakini demokrasia utaipima kwa rula gani?

Nchi ikishaomba, wakuu wa nchi wanachama huagiza ufanyike uhakiki. Timu ya wataalamu huenda huko, husoma katiba na sheria, na hukutana na viongozi. Ripoti yao hupitia Baraza la Mawaziri kabla ya kufika kwa marais, na uamuzi hufanywa kwa maafikiano, si kwa kupiga kura. Somalia iliomba mwaka 2012, ikakubaliwa Novemba 2023, na ikawa mwanachama kamili tarehe 4 Machi 2024. Kongo iliomba mwaka 2019 na kufikia Julai 2022 ilikuwa imeshaingia.

Wapo waliokataliwa. Sudan iliomba mwaka 2011 ikarudishwa. Hoja moja ilikuwa kwamba haikupakana na mwanachama yeyote wakati ule. Demokrasia na haki za wanawake nazo zilitajwa.

Mfano unaotusumbua zaidi ni Sudan Kusini. Ilisaini mkataba wa kujiunga jijini Dar es Salaam tarehe 15 Aprili 2016. Julai mwaka huohuo mapigano yakazuka Juba kati ya askari wa Rais Salva Kiir na wale wa makamu wake, Riek Machar. Baadaye mwaka huohuo ikawa mwanachama kamili, kana kwamba Julai haikuwapo. Uchaguzi wa kwanza tangu uhuru, uliopangwa Desemba 2024, uliahirishwa hadi Desemba 2026.

Kwa maoni yetu, tatizo ni kwamba ukaguzi unafanyika mlangoni tu. Ukishaingia, hakuna timu inayorudi kuuliza umefikia wapi. Tusiwanyooshee vidole wageni peke yao: Tanzania, Kenya na Uganda ndizo zilizoanzisha Jumuiya hii, hivyo hazikuwahi kupita kwenye mtihani huo wa Ibara ya 3.

Mkataba una adhabu. Ibara ya 146 inaruhusu kumsimamisha mwanachama, na ya 147 kumfukuza, na maoni ya anayejadiliwa hayahesabiwi. Mpaka tunaandika haya hakuna aliyesimamishwa.

Kilichowahi kufanya kazi ni Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Mwaka 2007 iliamua kwamba Uganda ilikiuka utawala wa sheria, baada ya askari kuizingira Mahakama Kuu jijini Kampala na watuhumiwa waliopewa dhamana kurudishwa gerezani. Waliofungua kesi ile walikuwa watuhumiwa wenyewe, si serikali ya nchi nyingine. Ibara ya 30 inampa haki hiyo mkazi yeyote wa nchi mwanachama, wewe wa Muleba ukiwemo, dhidi ya sheria au kitendo cha serikali kinachovunja Mkataba. Ila angalia kalenda: una miezi miwili tu tangu jambo lifanyike, au tangu ulipolifahamu.