Ukungu wa jicho baada ya upasuaji wa leza

MTU asiyeona vitu vya mbali aweza kuachana na miwani kwa upasuaji wa leza. Hata hivyo, wapo wanaorejea nyumbani wakiona vyema, kisha wiki kadhaa baadaye macho yakaanza kuingia ukungu.

Chanzo ni jeraha la konea, utando angavu ulio mbele ya jicho. Katika upasuaji uitwao PRK, daktari huondoa ngozi ya juu ya konea, kisha huichonga kwa leza. Jeraha linapopona, huweza kufanya kovu lisilopitisha mwanga sawasawa. Hatari huzidi kadiri tatizo la kutoona mbali lilivyokuwa kubwa.

Jua kali nalo huchochea ukungu huo. Kwa mkazi wa Bungoma, au wa Kitale iliyo takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, miwani ya jua na kofia pana ni sehemu ya matibabu.

Mara nyingi ukungu hufifia wenyewe katika muda wa mwaka mmoja. Matone ya steroidi husaidia, lakini yakitumiwa kiholela huweza kuzidisha shinikizo ndani ya jicho na kuleta glakoma. Kwa hivyo, mgonjwa asijinunulie dawa dukani wala kujitia maji ya majani. Aliyepasuliwa mbali na kwao asikose kurudi kwa daktari wake, au amwone mtaalamu wa macho aliye karibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.