Barabara ni ya nani Lubumbashi?

Sera nyingi za usafiri huanza kwa kuwabembeleza watu waache magari. Lubumbashi haina haja ya kumbembeleza mtu. Alfajiri, njia zinazotoka komini za Katuba, Kenya na Kamalondo kwenda katikati ya mji hujaa wanafunzi, vibarua, makarani na wachuuzi, wote kwa miguu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa Mwafrika hutumia wastani wa dakika 56 kwa siku akitembea au akiendesha baiskeli. Kwetu la kuuliza ni hili: watu hao wapite wapi?

Umbali wanaoukata ulipangwa. Wabelgiji waliuasisi mji mwaka 1910, na katika miaka ya 1920 Waafrika wakawekwa kusini, Kamalondo ya leo, ikaachwa ardhi tupu ya karibu mita 700 kati yao na wazungu, kwa kisingizio cha mbu na maradhi. Ofisi, posta na maduka makubwa vikabaki upande wa pili, katika komini inayoitwa sasa Lubumbashi. Ukoloni uliondoka, safari ya kila asubuhi ikabaki.

Na safari hiyo huharibiwa zaidi na mfereji wa kando ya barabara. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua hapa hunyesha kwa nguvu, kwa hiyo barabara zinahitaji mifereji yenye kina kirefu. Palipokosa mfuniko, mama mwenye beseni kichwani huwa na shimo upande mmoja na basi dogo upande wa pili. Anashuka kwenye lami. Akigongwa, watu husema hakuwa makini. Sheria ya barabarani ya mwaka 1978 inamtaka mtembea kwa miguu apite kwenye njia yake pale inapokuwepo. Nani basi amlaumu mahali ambapo haipo?

Dawa yake ni ya bei nafuu kuliko barabara yoyote mpya. Funika mfereji kwa vibao vya zege, maji yapite chini na watu juu. Upana wa mita 1.8 unatosha viti viwili vya magurudumu kupishana. Ila kila kibao kiwe cha kuinuliwa na watu wawili, kwa sababu mfereji usiozolewa plastiki huziba, na ukiziba mvua moja tu huingiza maji majumbani. Vibao hivyo vijana wa mtaani wanaweza kuvimimina wenyewe.

Wachuuzi wa pembezoni wafukuzwe? Hapana. Wamefukuzwa mara nyingi na hurudi, maana wateja wao ndio hao wapitao. Wachorewe mstari wa meza zao, nafasi ya kupita ibaki wazi.

Yupo pia mwendesha baiskeli wa makaa kwenye barabara ya Kasenga. Magunia yamerundikwa nyuma hadi kumzidi mwenyewe kimo, fremu imeongezewa vyuma, na palipo na mwinuko anashuka na kusukuma, huku malori na pikipiki za abiria, ziitwazo manseba, vikimpita karibu na bega. Makaa yanaimaliza misitu ya miombo, hilo ni kweli na linaumiza. Lakini jiko la mji mzima linamtegemea mtu huyu, naye hana hata mita moja ya ukingo wa lami. Mwendo wa magari nao upunguzwe: gari la kilomita 60 kwa saa hugonga kwa nguvu mara nne ya lile la 30.

Tusinakili majirani bila kuangalia. Kigali ilifunga mtaa wake mmoja wa katikati kwa magari mwaka 2015, na kwa miaka kadhaa ukabaki mkavu, bila kivuli wala viti, hadi ulipotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2022 kama Imbuga City Walk. Sisi tunayo tayari mijakaranda katikati ya mji. Kivuli kama hicho kipandwe pia kwenye njia ya Kamalondo.

Hapo ndipo ningeanza, kati ya Kamalondo na katikati ya mji, kiangazi kinapoingia mwezi wa Mei, ili vibao viwe vimekauka na kupangwa kabla ya mvua za kwanza.