Fahamu: Namna kano za mwili zinavyopimwa maabarani

Mkulima wa Mgori, mkoani Singida, akiteguka kifundo cha mguu shambani, miale ya eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, humdhihirishia tabibu mifupa, ilhali kano, ambazo aghalabu ndizo zilizodhurika, huonekana vema kwa ultrasaundi au MRI. Maabarani wataalamu huzidi hapo: hubana kipande cha kano mashineni, wakakivuta taratibu chini ya hadubini, wakatazama nyuzi za kolajeni zilizojikunjakunja zikinyooka kwanza kwa wepesi, kisha zikikaza, hata zikakatika, nami naona huko kulegea kabla ya kukaza ni hekima kubwa ya maumbile. Vipimo hivyo huwafaa wanaoshona kano zilizokatika. Basi, ewe msomaji, maumivu ya kano yasiyopoa usiyadharau, nenda hospitali.