Kayongo Shambani, Mendel Ubaoni

Mwanafunzi wa Kakamega hukariri njegere za Mendel, ilhali nje ya dirisha kayongo, gugu lenye maua mazuri ya zambarau (uzuri wa mwizi huo!), linanyonya mahindi ya mamake. Profesa Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia aliyefundisha jenetiki ya mimea katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na kuwalea watafiti wengi wa Kiafrika, alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009 kwa mtama unaostahimili ukame na gugu hilo. Mbegu ya kayongo hulala udongoni miaka mingi hadi iamshwe na kemikali itokayo mizizini mwa mmea. Mtama wake huitoa kidogo mno, mbegu isiamke. Na sifa hiyo hurithiwa, kama rangi ya njegere. Basi, mwalimu, mbona usiling'oe moja, mizizi na yote, kabla halijamwaga mbegu, ukalileta darasani?